Ukuta wa Udongo Chini ya Ardhi

Maji yaliyo chini ya ardhi hayatulii mahali pamoja, bali husafiri polepole katikati ya mchanga, na iwapo yamechanganyika na sumu, basi sumu nayo husafiri hata ikafika visimani na mitoni. Huko Nashua, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, shimo lililochimbwa mchanga liligeuzwa jaa na kumwagiwa kemikali za viwandani, hata mwaka 1982 wahandisi wakalizingira eneo la ekari 20 hivi kwa ukuta usioonekana. Walichimba handaki jembamba hadi kwenye jabali, na kadiri walivyochimba ndivyo walivyolijaza rojo la maji na bentonaiti, udongo ambao hufura ukilowa, ili kingo zisiporomoke. Kisha wakalifukia kwa udongo uliochanganywa na bentonaiti hiyo hiyo. Juu wakatandika utando wa kuzuia mvua, kwani eneo lililozungushiwa ukuta bila ya kufunikwa hujaa maji hata yakafurika. Walakini ukuta huzuia tu, hausafishi, na jabali lenye nyufa hupitisha maji; kwa hiyo ililazimu maji yaliyo ndani ya ukuta yavutwe kwa pampu na kusafishwa, na visima vya uchunguzi vilivyo nje ya ukuta vipimwe daima.