Fidla Haitaki Spika

Kuna wapenzi wa muziki wachache hapa Mwanga mjini, walimu wa kwaya na wapiga tarumbeta wa zamani, ambao wamekuwa wakizungumza habari ya kuandaa jioni moja ya fidla na piano. Watu wawili, ala mbili, basi. Hakuna wacheza shoo wala mshereheshaji. Habari zimeshafika mtaani. Mmoja ameuliza kama makande yatakuwepo. Mwingine, Mpare halisi huyo, ameulizia kiingilio kabla hajauliza fidla ni kitu gani.

Mimi sina wasiwasi na masikio ya watu wa Mwanga. Wasiwasi wangu ni spika.

Siku hizi shughuli haijawa shughuli mpaka spika zishushwe kwenye pikapu. Harusi, kipaimara, hata msiba: zinapangwa mbili huku, mbili kule, kijana mmoja anakaa kwenye mashine, na kuanzia hapo jirani hasikii hata anachokiwaza. Tumezoea. Na ninaogopa kwamba siku ya fidla mtu mwema atajitolea kuzileta, bure kabisa, na akishazileta nani atamwambia azirudishe?

Hebu tuitazame fidla yenyewe. Ni kisanduku cha mbao nyembamba, kitupu ndani, chenye nyuzi nne. Upinde wake umefungwa singa za mkia wa farasi. Kabla ya kuanza, mpigaji huzisugua singa hizo kwa kipande cha utomvu mkavu wa msonobari, kigumu kama sukari guru, ili zing'ang'anie uzi zisiteleze. Ukikaa karibu unasikia mkwaruzo mdogo sana, halafu sauti inafuata, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Ipitishe kwenye spika za harusini, mkwaruzo ule unakuwa msumeno.

Wanaosema fidla si yetu waende Unguja. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeipiga miaka na miaka, na Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, fidla ilikuwa katika kundi lake. Tangu mwaka 2002 kipo pia chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, ambako vijana wa Kizanzibari hujifunza ala hiyo sambamba na udi na ganuni. Au tusivuke maji, twende Ugogoni tu. Zeze linapigwa kwa upinde vilevile, na marehemu Hukwe Zawose alilizungusha duniani kote. Ndugu wa fidla wako hapa hapa bara.

Piano ndiyo yenye mambo. Ina vibao 88, nyuzi zaidi ya 200, na nyuzi hizo kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani nyingi, ndiyo maana ndani wameweka fremu ya chuma cha kumimina. Ile ndogo ya kusimama ukutani peke yake huweza kupita kilo 200. Mpiga fidla atashuka kwenye basi pale stendi na kisanduku chake begani. Piano italetwa na lori, tena pengine kutoka Moshi au Arusha, na ikishashushwa iachwe siku kadhaa izoee ukavu na joto letu, halafu fundi azikaze nyuzi upya. Mbao ni mbao, zinajua kwamba zimehama. Tukitaka kuipandisha milimani Usangi kwenye baridi na ukungu, basi ni kazi ya msaragambo, wote kwa pamoja, na Wapare kazi hiyo hatufundishwi na mtu.

Nimeshasikia pendekezo la kutumia kinanda cha umeme badala yake. Ni rahisi, nakubali. Lakini kinanda cha umeme hakina sauti bila spika, kwa hiyo tumerudi kulekule. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, hata kama bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo yake ya megawati 8 viko hapa mlangoni petu, fidla itabaki peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa. Piano ya nyuzi haijui umeme ni nini.

Nikupe kisa kimoja cha fidla na piano. Mwaka 1803 kule Vienna alifika mpiga fidla mmoja kutoka London, jina lake George Bridgetower. Baba yake alikuwa mtu mweusi, mama yake Mzungu. Beethoven alimpenda, akaanza kumtungia sonata ya fidla na piano, lakini kazi ikachelewa kama kazi za mafundi wetu. Tarehe 24 Mei, siku yenyewe ya onyesho, alimwamsha mwanafunzi wake saa 10 na nusu alfajiri akopi sehemu ya fidla. Saa 2 asubuhi watu wamekaa. Beethoven mwenyewe kwenye piano, na kipande cha pili Bridgetower akakisoma palepale kwenye karatasi za mtunzi, zenye mwandiko wa kutisha. Akatoboa. Baadaye marafiki hao wakagombana, inasemekana kwa sababu ya mwanamke, na Beethoven akafuta jina la Bridgetower akaandika la Kreutzer, mpiga fidla wa Ufaransa ambaye hakuwahi kuipiga kazi hiyo hadharani. Mpaka leo inaitwa Kreutzer. Mimi ningefurahi kuisikia hapa Mwanga, na kabla haijaanza mtu asimame aseme jina la Bridgetower. Kwa mdomo, bila kipaza sauti.

Ukumbi? Kanisa litafaa, maana kuta zake zinarudisha sauti. Ila tukwepe masika na vuli, kwa sababu mvua ikianza kupiga bati hakuna Beethoven wala nani. Na tukae mbali kidogo na barabara kuu, honi za mabasi ya Arusha tunazijua.

Juzi, nje ya kanisa, nilimweleza haya mzee mmoja aliyepiga tarumbeta tangu ujana wake huko milimani. Akaniuliza, "Sasa bila spika, wa nyuma watasikiaje?" Nikamuuliza, wakati wao alfajiri ya Krismasi walipokuwa wakipiga kutoka mlimani, walikuwa na spika ngapi? Akacheka, akasema ng'ambo ya bonde walikuwa wanaamka. Halafu akanyamaza, akaitazama milango ya kanisa, akaanza kuupima upana wake kwa hatua. "Hiyo piano," akaniuliza, "inapita kwa ubavu?"