Lahaja na Usimulizi katika Riwaya za Roddy Doyle



Roddy Doyle alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1958, akafundisha kwa miaka 14 katika shule ya sekondari ya Kilbarrack, kitongoji cha kaskazini mwa jiji hilo. Riwaya yake ya kwanza, The Commitments (1987), aliichapisha mwenyewe pamoja na rafiki yake. Aliacha ualimu mwaka 1993. Mwaka huohuo Paddy Clarke Ha Ha Ha ikatwaa Tuzo ya Booker.

Wahakiki wengi huishia kuusifu ucheshi wake. Kwa mwanaisimu, hazina imo katika usemezano. Doyle hatumii alama za kunukuu. Huanza kila kauli kwa kistari, na mara nyingi hamtaji msemaji. Kiingereza sanifu kina kiwakilishi kimoja kwa "wewe" na "ninyi". Wasemaji wa Dublin wameziba pengo hilo kwa kukiongezea mofimu ya wingi. Aidha, mtu aliyetoka kula husema, neno kwa neno, "niko baada ya kula", muundo uliotokana na Kiayalandi, lugha ambayo wengi wao hawaizungumzi tena nyumbani. Mwingereza huweza kudhani kwamba msemaji anakifukuzia chakula!

Wapo wanaodai kuwa lahaja ya namna hiyo inafaa vichekesho tu. Hao na waisome The Woman Who Walked into Doors (1996). Msimulizi ni Paula Spencer, mama wa watoto wanne, mlevi, aliyepigwa na mumewe kwa miaka mingi. Hospitalini husingizia mlango au ngazi. Madaktari hunusa pombe, wakaridhika, wasiulize zaidi. Hapa lahaja ndiyo sauti ya usimulizi mzima. Lau Doyle angemkabidhi kisa hicho msimulizi wa Kiingereza sanifu, Paula angekuwa amesemewa tena na watu wa tabaka jingine.

Wanafunzi wa riwaya ya Kiswahili wana la kupima hapo. Mara nyingi sisi huwaachia wahusika lahaja zao ndani ya alama za kunukuu, usimulizi ukabaki katika Kiswahili sanifu. Msemaji wa Kimvita au wa Kingwana huruhusiwa kuchekesha na kugombana. Kusimulia maisha yake mwenyewe ni nadra.

Doyle alimrudia mwanamke huyo katika Paula Spencer (2006). Safari hiyo alisimulia kwa nafsi ya tatu, lakini lugha ikabaki ya Paula.