Faida ya Viazi Hupotelea Wapi?



Apitaye Kinangop au Molo wakati wa mavuno huona magunia ya viazi ulaya yamepangwa kando ya barabara, akadhani kwamba wenye mashamba yale ni matajiri. Na kweli, katika Kenya viazi ni chakula cha pili baada ya mahindi, tena huwa tayari kwa muda wa miezi mitatu au minne tu. Hata hivyo wako wakulima wengi wauzao mazao yao yote, kisha wakashindwa kulipa karo ya watoto. Yafaa hesabu yao itazamwe.

Mkulima mdogo kwa kawaida hupata tani 7 hadi 10 kwa hekta. Ikiwa amepata tani 8, ekari moja itampa kilo 3,200 hivi, yaani magunia 64 ya kilo 50. Lakini katika ekari hiyo alikuwa amekwisha kufukia magunia 16 ya mbegu. Robo nzima ya mavuno, basi, ni kurudisha mbegu tu, na bado hajahesabu mbolea, dawa ya ukungu, wala ujira wa vibarua. Jirani yake apataye tani 16 alipanda magunia yale yale 16, wala jembe lake halikulima mara mbili.

Tofauti yao mara nyingi ni mbegu. Wengi huuza viazi vikubwa na kuweka vidogo kwa kupanda. Kumbe kiazi kidogo mara nyingi hutoka katika shina gonjwa, na ugonjwa wake hurudi shambani mwaka hata mwaka. Mbegu zilizothibitishwa ni chache, tena ni ghali. Si haki kumlaumu maskini asiyezinunua. Lakini aweza kutia vijiti kando ya mashina yenye afya viazi vinapotoa maua, akayachimba peke yake, na viazi vyake akaviweka kuwa mbegu. Kazi hiyo haigharimu hata senti moja.

Hasara ya pili huja na mchuuzi. Kanuni za mwaka 2019 ziliamuru gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini gunia lenye kilemba halikutoweka. Tuseme gunia limeshindiliwa hata likawa kilo 75, na likauzwa kwa bei ya kilo 50. Zile kilo 3,200 zitajaza magunia 42 na kitu, si 64. Magunia zaidi ya 20 yametolewa bure, nayo yazidi mbegu zote alizopanda!

Kwa nini mkulima akubali? Kwa sababu hawezi kungoja. Majirani wote walipanda kwa mvua moja, wote wanavuna pamoja, na aina ya Shangi, ipendwayo sana na wanunuzi, huchipua upesi ghalani. Mchuuzi ayajua hayo yote vizuri.

Kumzuia mtu mmoja asiuze hakufai kitu, kwani mchuuzi atakwenda kwa jirani. Lakini wakulima kumi wa kijiji kimoja wakichanga fedha na kununua mizani, wakakubaliana kuuza kwa kilo, mchuuzi atakuta viazi vimekwisha kupimwa na magunia yamekwisha kushonwa kabla hajafika na lori lake.