Mwanga wa Kutosha kwa Maua Yetu: Tulichojifunza Mikumi na Kilosa

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia vitalu vya maua vya vikundi vya akina mama wa Mikumi na Kilosa. Wengi wenu mnajua kwamba mradi huu ulianza vizuri, ukayumba, na sasa unainuka tena. Leo hatutazungumzia fedha. Tutazungumzia mwanga, kwa sababu hapo ndipo ulipoharibika, na kosa lilikuwa letu sisi wa ofisi.

Akina mama wa Mikumi walianza na violeti ya Usambara. Ni ua dogo lenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Wageni wetu wanalifahamu, maana linakaa madirishani kwao, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Ndugu zake wanaota porini hata hapa mkoani kwetu, katika milima ya Uluguru na Nguru. Kwa hiyo ua tunalolinunua kama la kigeni ni la nyumbani.

Kwa mradi wa akina mama ua hili linafaa, kwa sababu halihitaji mbegu. Jani moja lenye kikonyo chake likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa miche midogo baada ya wiki kadhaa. Akina mama walichanga kutoka akiba zao za VICOBA, wafadhili wakaongeza, na wazo likawa kuuza vyungu kwa nyumba za wageni na kwa wasafiri wa barabara kuu ya Morogoro–Iringa.

Sisi wa ofisi tulileta kijitabu cha maelekezo. Kilisema wazi: ua hili halipendi jua kali, liwekwe upande wa kaskazini wa nyumba. Tukapanga vyungu vyote kwenye baraza ya kaskazini. Ilikuwa Aprili, mvua za masika zinanyesha, mbingu zina mawingu. Maua yakachanua. Tukapiga picha, tukaandika taarifa, tukawatumia wafadhili.

Juni mvua zilikuwa zimekwisha na anga limetakata. Majani yakaanza kupauka, kisha yakaota mabaka ya kahawia kama yaliyobabuliwa na pasi. Kamati ilipokaa ikasema akina mama hawamwagilii. Na sisi, tunasema kwa masikitiko, tulikubaliana na kamati. Akina mama wakaongeza maji, na mizizi ya miche iliyobaki ikaoza. Wenzao wawili waliona wamefedheheshwa mbele ya usharika. Wakachukua akiba zao, wakajitoa kwenye kikundi.

Mama mmoja mzee, ambaye hufagia baraza ile kila siku, alikuwa ametuambia mapema. Alisema, "Wanangu, jua limehamia huku. Mwezi wa pili halikuwa linaingia barazani." Tulimjibu kwamba kitabu kimesema kaskazini. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kijitabu hakikuwa na uongo. Kiliandikwa Ulaya, na hatusemi Ulaya kata yetu hii ya hapa Kilosa! Kule Ulaya ya mbali jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, hivyo kaskazini mwa nyumba ndiko kwenye kivuli. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwenye nyuzi kama 7. Kwetu jua la saa 6 mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba huwa upande wa kaskazini, na Juni ndipo linapoinama zaidi na kupenya chini ya paa. Baada ya hapo, hadi Machi, huhamia kusini. Tulikuwa tumeiweka miche penye jua tukidhani ni kivulini.

Wenzetu wa Kilosa walikosea kinyume chake. Wao walipanda bogenvilia kwenye vyungu. Kwa kuwa Mikumi kulikuwa kumeungua, tuliwashauri waweke vyungu vyao chini ya mwembe. Bogenvilia ikarefuka, ikajaa majani ya kijani, lakini rangi hakuna. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na unapenda jua wazi, saa 6 au zaidi kwa siku. Ile rangi tunayoiita ua ni majani maalumu yanayozunguka ua lenyewe dogo jeupe la katikati, na bila jua la kutosha mmea hauyatoi. Wateja walipita, wakauliza, "Hii nayo ni bogenvilia?" Wakaondoka.

Basi, ndugu wajumbe, tumejifunza kwamba hakuna kipimo kimoja cha mwanga kwa maua yote. Njia tunayotumia sasa haigharimu hata shilingi.

Kwanza, kabla ya kuweka chungu mahali, nenda hapo saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Nyosha mkono wako juu ya mahali chungu kitakapokaa. Ukiona kivuli cheusi chenye kingo kali, hapo ni pa bogenvilia na waridi la jangwani. Ukiona kivuli hafifu ambacho kingo zake hazionekani vizuri, hapo ni pa violeti. Usipoona kivuli kabisa, mmea wa maua utaishi lakini hautachanua vizuri.

Pili, soma majani. Violeti iliyozidiwa na mwanga hupauka, na majani yake hujikunja kuelekea chini kama yanakumbatia chungu. Iliyokosa mwanga hurefusha vikonyo na kuinua majani juu kama inaomba, na haitoi maua. Ukiona dalili hizi, usikimbilie maji wala mbolea. Angalia mwanga kwanza.

Tatu, usihamishe mmea ghafla. Bogenvilia iliyokaa chini ya mwembe tuliitoa kidogo kidogo, asubuhi tu kwa siku za mwanzo, tukiongeza muda kwa wiki mbili. Mmea uliozoea kivuli ukitolewa juani siku moja huungua, hata kama kwa asili yake unapenda jua.

Nne, tofautisha mwanga na joto. Mikumi na Kilosa ni nchi ya joto, wakati violeti imezoea ubaridi wa milimani, kwenye miamba iliyofunikwa na miti. Mahali pazuri tulipopata ni baraza ya mashariki, inayopata jua la asubuhi pekee, tukaweka chicha za nyasi kupunguza makali yake baada ya saa 3. Vyungu tunavizungusha robo duara kila wiki ili mmea usiinamie upande mmoja.

Tano, rudia kipimo mwezi Juni na mwezi Desemba, kwa sababu jua huhama. Andika kwenye daftari la kikundi, ili mwaka ujao mwenyekiti mpya asianze upya.

Tuna maombi matatu. Kwa kamati za sharika: msipitishe bajeti ya neti za kivuli kabla kikundi hakijafanya kipimo cha mkono. Huenda mahali pazuri mnapo tayari, nyuma ya ofisi ya mchungaji. Tena tunawasihi mtu yeyote asichimbe violeti za porini milimani kwa ajili ya kuuza. Ni chache, na jani moja la mmea wa chungu linatosha kuanza.

Kwa wafadhili wetu: mlipokea picha za Aprili, nanyi mna haki ya kujua yaliyotokea Juni. Tunawaomba mtuvumilie tunapowaletea taarifa zenye hasara ndani yake, kwa maana taarifa ya namna hiyo ndiyo iliyotufundisha.

Na kwa akina mama wa Mikumi: mlilaumiwa kwa uzembe ambao hamkuufanya. Sisi wa ofisi tulikaa kwenye kikao kile tukanyamaza. Tunawaomba radhi hapa mbele ya wote waliosikia lawama ile. Tumekwenda nyumbani kwa wale wawili waliojitoa na kuwaomba radhi pia. Mmoja amerudi kikundini. Mwingine bado, na tunaheshimu uamuzi wake.

Yule mama mzee sasa ndiye mtunza daftari la mwanga. Hajui kusoma vizuri, hivyo mjukuu wake anaandika, yeye anasema jua limefika wapi. Wiki iliyopita alituagiza tuhamishe safu ya mwisho ya vyungu hatua mbili kuelekea ukutani. Safari hii hatukumuuliza kitabu kinasemaje. Tulivihamisha.

Mungu aliyeliumba jua na kuupa kila mmea sehemu yake awabariki nyote.