Chakula cha mtaani kimeingia hotelini, mpishi kabaki nje



Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na habari za nauli za daladala. Naomba mniwie radhi. Habari ya nauli haiozi, tutaikuta juma lijalo pale pale tulipoiacha. Leo nina jambo linalohusu tumbo, na jambo la tumbo halina subira.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mtu wa kula. Sisemi mlafi, kwani mlafi hula chochote kinachopita mbele yake, mimi huchagua. Nikishuka kwenye basi au boti katika mji nisioujua, wenzangu huulizia nyumba ya wageni, mimi huulizia wapi wanakaanga samaki. Kwa tabia hiyo nimepoteza fedha nyingi, nimelala mahali pabaya, na mara moja niliachwa na basi pale Korogwe nikiwa na hindi la kuchoma mkononi. Sijutii. Hindi lenyewe lilikuwa limeiva vizuri.

Mtu akiniuliza aanzie wapi safari za namna hiyo, humwambia aanzie Forodhani, Unguja, wakati jua linazama. Bustani ile ilipewa jina la Jubilii mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya kutengenezwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Zamani watu walikwenda pale kupunga upepo na kusikiliza bendi; siku hizi wanakwenda kula. Taa zikiwashwa, meza hupangwa, moshi wa mkaa hupanda, na wauzaji huanza kuita wageni kwa lugha tano. Wageni hukimbilia kamba na pweza waliotungwa vijitini. Mimi huwapita. Samaki aliyekaa mezani tangu magharibi akimngoja mtalii wa saa nne usiku simwamini sana. Na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, yaani kinyunga kilichotandazwa kikajazwa nyama ya kusaga, yai, kitunguu na hata mayonezi, kisha kikakunjwa na kukaangwa, naiona ni ndugu wa mantabali aliyekwenda ng'ambo akarudi na jina jipya. Ni tamu, sikatai.

Ninachokitafuta mimi ni urojo. Kwa wale wa bara wasioufahamu, urojo ni supu nzito kidogo ya rangi ya manjano, inayopikwa kwa unga na bizari ya manjano, ikatiwa ukali kwa maembe mabichi, ndimu au ukwaju. Lakini supu ni nusu tu ya habari. Ndani ya bakuli hutangulia vipande vya viazi vilivyochemshwa, bajia za dengu, kachori, pengine mshikaki mmoja au miwili na yai; kisha ndipo supu ikamiminwa, na juu yake zikaja chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo zilizokaangwa zikakauka. Ule haraka kabla chipsi hazijalainika, lakini usile haraka mno, maana ladha ya kwanza ni ya ukali, ya pili ni ya nazi, na ya tatu ni ya pilipili inayokufuata hadi nyumbani. Bajia na kachori zililetwa na Wahindi, nazi na muhogo vilikuwa mikononi mwa wenyeji, na bakuli moja likawapatanisha wote bila kuitisha mkutano. Ukimaliza, chukua glasi ya maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi.

Nimekula pia Mombasa. Asubuhi, mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Jioni, mihogo yenye pilipili na ndimu kule Mama Ngina, bustani iliyofunguliwa upya Oktoba 2019, ukitazama meli zinavyopita kuingia Kilindini. Nimekula Nairobi kwenye mkahawa mashuhuri wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980, ambako nyama huletwa mezani zikiwa zimechomekwa kwenye mapanga na hukatiwa mpaka ukubali kwamba umeshindwa. Mimi nilishindwa mapema. Hata Muscat, nilikopelekwa na shughuli nyingine kabisa, nilikuta mishkaki ikichomwa kandokando ya barabara na kuliwa kwa mchuzi wa ukwaju, na mzee mmoja nyuma yangu akaagiza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonifanya nigeuke nimtazame. Chakula kilivuka bahari kwenda na kurudi pamoja na watu.

Nawaambieni yote haya ili mjue kwamba ninayemlalamikia leo si chakula, wala si tamasha la chakula. Nayapenda matamasha. Ndiyo maana nilipoalikwa mwaka jana kwenye tamasha la vyakula vya asili, katika bustani ya hoteli moja kubwa hapa jijini, sikusita. Kiingilio kilikuwa shilingi 50,000. Nikalipa, nikafungwa utepe mkononi kama mtoto mchanga wa hospitalini, nikaingia.

Vilikuwapo vyakula vingi kweli, lakini kila kitu kilikuwa kidogo. Ugali ulikatwa vipande vya kuingia kwenye sanduku la kiberiti. Dagaa walichomekwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno. Kwenye meza moja pakaandikwa urojo, nami moyo ukanidunda. Ulikuwa kwenye kikombe cha ukubwa wa kile cha kahawa chungu, kwa shilingi 10,000, mbali na kiingilio. Juu ya meza palikuwa na picha ya mpishi mkuu wa hoteli akitabasamu, na maelezo kwamba urojo huo ameubuni yeye.

Nikaonja. Ndugu zangu, kinywa kina kumbukumbu. Nilimeza mara moja tu nikajua mkono ule ninaufahamu. Nikazunguka nyuma ya turubai, na pale, mbele ya sufuria kubwa, nikamkuta mama mmoja mzaliwa wa Pemba ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nikila kwake karibu na soko, kabla ya zoezi la Oktoba 2021 la kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba baba. Na wewe umelipa kiingilio?"

Nikakiri kwamba nimelipa.

"Ungekuja kwangu ungeshiba," akasema, akaendelea kukoroga.

Amekodiwa kwa siku ile moja tu, kwa shilingi 40,000. Yaani jasho la siku nzima halikufika kiingilio cha mtu mmoja. Nikamwuliza juu ya ile picha mbele ya meza. Akacheka. Hakujua kama ipo, maana aliingizwa kwa mlango wa nyuma.

Sasa tujiulize. Kwa nini mikono hii hii, sufuria hii hii, bizari hii hii, ikiwa kwenye bustani ya hoteli inaitwa utamaduni, na ikiwa kando ya soko inaitwa uchafu? Jibu tunalopewa daima ni moja: afya. Na jibu hilo si la kudharau. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoani na hadi Visiwani, na kiliua watu. Katika siku kama zile jambo la kwanza linalowajia wakubwa akilini ni kupiga marufuku vyakula vya barabarani. Mgambo hupita, sufuria humwagwa, na gazeti la kesho yake huwa na picha ya karandinga lililojaa meza za watu.

Lakini kipindupindu hakizaliwi ndani ya sufuria inayochemka. Vijidudu vyake huingia kwa maji na kwa mikono iliyogusa kinyesi, na moto wa kutosha huviua. Mwaka 1854 mjini London daktari John Snow alitafuta nyumba za waliokufa mtaa kwa mtaa, akaonyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Wakuu wa eneo lile wakaondoa mpini wa pampu. Hawakwenda kumwaga vyungu vya watu. Na kama mtu anadhani ugonjwa huu unachagua vibanda, na akumbuke Nairobi mwaka 2017, ulipowapata wajumbe waliokuwa kwenye mkutano ndani ya hoteli ya hadhi, na muda mfupi baadaye ukawapata watu wengine waliokula kwenye maonyesho ya biashara katikati ya jiji, mawaziri wakiwamo. Vitambaa vyeupe vya mezani havikuwasaidia.

Mimi mwenyewe nimewahi kuugua tumbo siku tatu nikiwa safarini. Sikuugua kwa bajia iliyotoka kwenye mafuta yanayotokota. Niliugua kwa saladi, kwenye mkahawa wenye kiyoyozi, ambao nauhifadhi jina lake kwa sababu sina ushahidi zaidi ya tumbo langu.

Nisije nikaonekana ninawapaka mafuta mama lishe kwa mgongo wa chupa. Nimekula kwa wengi, na kwa baadhi yao nimeondoka bila kumaliza. Nimeona beseni moja la maji likioshea sahani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, maji yakabadilika rangi mpaka yakafanana na mchuzi wenyewe. Nimeona matunda yaliyokatwa yakiachwa wazi juu ya mtaro. Hayo ni makosa, na mwenye kuyafanya aambiwe. Lakini ukimwuliza yule mwenye beseni kwa nini habadilishi maji, atakuonyesha dumu. Dumu analinunua kwa muuza maji wa mkokoteni. Bomba lililo karibu ni la msikiti au la benki, na pote pawili ameshafukuzwa. Bila bomba na bila choo, tunamdai usafi wa hospitali; halafu kila jioni mtu wa ushuru hupita bila kukosa. Ushuru hulipwa kwa siku nzima, hata siku ya marufuku iliyoanza saa nne asubuhi.

Jina lenyewe la mama ntilie linatukumbusha tunakotoka. Ni sauti ya kibarua aliyesimama na sahani yake: mama, n'tilie. Baadaye tukaona ni vyema kuwaita mama lishe, na ni jina zuri, linakiri kwamba wanalisha mji. Karani anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi kutoka Mbagala, mpagazi wa bandarini, mwanafunzi wa chuo, fundi wa ujenzi wa maghorofa tunayojivunia, wote hao adhuhuri wanakula kwa nani? Funga vibanda vyote kwa juma moja uone kama kutakuwa na zege litakalochanganywa.

Kwa hiyo ninayo maombi, wala si makubwa. Bomba moja la maji ya DAWASA au ya kisima kilichopimwa kwa kila vibanda ishirini, na choo kimoja chenye mlango unaofungika. Sehemu ya ule ushuru wa kila jioni irudi pale pale ilikokusanywa. Bwana afya afike kabla ya ugonjwa, akiwa na sabuni na maneno, na sio baada yake akiwa na mgambo. Na nyinyi waandaaji wa matamasha, ambao kadi zenu ninazipokea kwa furaha na nitaendelea kuzipokea, mpeni mpishi meza yake mbele, auze kwa jina lake, na fedha za urojo ziingie mfukoni mwake. Kama picha lazima iwekwe, basi iwe yake, kwa ridhaa yake.

Najua yupo atakayesema kwamba mji wa kisasa haupendezi kwa majiko kando ya barabara. Huyo ningependa nimlipie nauli hadi Forodhani. Pale patu ni majiko matupu, moshi na meza, na watu wanavuka bahari kuja kupatazama. Tofauti ni kwamba pale palipangwa: taa zikawekwa, sakafu ikawekwa, mahali pa kuuzia pakatengwa. Kumbe inawezekana, tena tumekwisha kuifanya wenyewe.

Alhamisi iliyopita nilimtafuta yule mama. Hakuwa mbali sana. Amejibanza nyuma ya gereji, kwenye uchochoro ambao mteja asiyemjua hawezi kumfikia, na kwa sababu hiyo anapika nusu ya alichokuwa akipika zamani. Hapana bomba. Lakini juu ya stuli ameweka ndoo yenye koki, na sabuni imefungwa kwa uzi isichukuliwe. Hakunipa bakuli mpaka niliponawa. Vijana wawili wa gereji waliotaka kukaa na grisi yao mikononi aliwarudisha kwenye ndoo kwa macho tu.

Bakuli lilikuwa shilingi 2,000, limejaa hadi ukingoni.

"Nikutilie pilipili?" akaniuliza.

Nikamwambia atie.