Vita vya Aljubarrota

Wareno twawafahamu sana katika pwani yetu. Boma lao la Mombasa, walilolianza mwaka 1593, lingali limesimama. Lakini wachache wetu wajua ya kuwa nchi yao ilikuwa karibu kumezwa na jirani yake, miaka zaidi ya 100 kabla Vasco da Gama hajatufikia.

Mwaka 1383 Mfalme Fernando wa Ureno alikufa pasipo mwana wa kiume. Binti yake, Beatriz, alikuwa ameolewa na Juan, mfalme wa Castile, ufalme mkubwa uliopakana na Ureno. Basi Juan akadai kiti kwa haki ya mkewe. Wareno wengi wakakataa, na Aprili 1385 baraza la Coimbra likamtawaza João, nduguye Fernando kwa baba, ingawa mamaye hakuwa mke wa ndoa. Juan akaja na jeshi kubwa.

Tarehe 14 Agosti Wareno walimngoja juu ya kilima karibu na Aljubarrota, watu kama 7,000 tu, pamoja na wapiga upinde wa Kiingereza mia kadhaa. Jemadari wao, Nuno Álvares Pereira, alikuwa kijana wa miaka 25. Adui walipoona mahali pale ni pagumu, wakazunguka ili wapande kwa upande wa pili. Nuno naye akaligeuza jeshi lake lote. Kwa maoni yetu, hapo ndipo vita vilipoamuliwa. Kwani kugeuza maelfu ya watu, na adui yu karibu, si jambo dogo: hofu ikiingia, safu huvunjika. Kisha wakachimba mitaro na mashimo. Wataalamu waliofukua uwanja ule tangu mwaka 1958 waliyaona mashimo kwa mamia.

Watu wa Castile wakafika jioni, wamechoka kwa mwendo na joto. Wangaliweza kungoja kesho yake; hawakungoja. Mabonde ya vijito yakawabana huku na huku, hata wa nyuma wasiweze kuwasaidia wa mbele. Kwa muda wa saa moja hivi bendera yao ikaanguka, na Juan akakimbia usiku ule mpaka Santarém.

Mkataba wa amani ulichelewa hata mwaka 1411. Kabla ya hapo, mwaka 1393, Nuno alijenga kanisa dogo mahali iliposimama bendera yake. Mlangoni pake huwekwa mtungi wa maji kwa kila mpita njia, kwa kukumbuka kiu ya siku ile.