Chuo si Chekechea? Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Lugha ya Semina



Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, wahadhiri wenzangu hurudia kauli moja: "Chuo si chekechea." Mwanafunzi akisema mhadhara umempita, jibu ni kwamba yeye ni mtu mzima, ajitegemee. Nimekuja kuipinga kauli hiyo. 

Fikra hiyo ilikuwa na mashiko zamani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma ikaazimia kwamba anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), afanye kazi miaka isiyopungua miwili, kisha apate mapendekezo kutoka kazini na kwenye chama. Aliyefika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kwa njia hiyo alikuwa ameshapokea mshahara, ameshagombana na bosi, pengine ana watoto. Kumwambia ajitegemee kulimwingia akilini. Utaratibu ule ulilegezwa, hatimaye ukaachwa. Leo maneno yale yale anaambiwa kijana wa miaka 19 ambaye Mei alikuwa bado anavaa sare na kuamshwa kwa kengele.

Wenzangu wana ngome ya pili: asiyemudu hakustahili kuchaguliwa. Hapa naomba mnivumilie, maana nafikia ripoti niipendayo kuliko zote, ya Criper na Dodd ya mwaka 1984. Wataalamu hao wawili kutoka Uingereza walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Kati ya wanachuo waliopimwa, chini ya asilimia 20 ndio walioweza kusoma bila taabu hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Tafakarini ni akina nani hao. Enzi hizo Mlimani palikuwa karibu mlango pekee, na aliyepita alikuwa amechujwa mara kadhaa. Ikiwa vinara wa taifa walikwama kwenye vitabu vyepesi, hoja ya kutostahili inasimamia wapi?

Ninachowalaumu waandishi wale ni hitimisho lao. Walishika ushahidi mzito namna hiyo, kisha wakapendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia, ila kifundishwe vizuri zaidi. Miaka miwili kabla, Tume ya Makweta, iliyochunguza mfumo wa elimu nchini, ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali ikalikataa pendekezo hilo, na bili ya uamuzi ule wanailipa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi leo.

Kwamba kikwazo ni lugha, si akili, nimejionea mwenyewe. Niliwahi kuongoza semina ya uchumi ambamo swali langu kuhusu ugavi na bei lilipokewa kwa kimya. Macho yote yako kwenye desa, yale maandishi ya kukariri. Nikasema, haya, semeni kwa Kiswahili. Binti mmoja, mtoto wa mkulima wa alizeti, akaeleza kwamba wakati wa mavuno kila kaya ina magunia na kila kaya inataka fedha, hivyo mnunuzi ndiye anayepanga bei. Na mafuta ya nje yakijaa madukani, mwenye kiwanda cha kukamua hana haja ya kubembeleza mtu. Mwenzake akampinga: mbona wenye ghala la kuhifadhia husubiri wakauza vizuri? Wakabishana hadi kipindi kikaisha. Wiki iliyofuata waliandika hoja hizo kwa Kiingereza. Sarufi ilichechemea, lakini hoja ilisimama.

Najua pingamizi. Mitihani na vitabu vingi viko kwa Kiingereza. Kozi ya stadi za mawasiliano inasaidia kiasi. Wapo wahadhiri wasiojua Kiswahili, na vikundi vidogo vinahitaji walimu wengi kuliko tulio nao. Semina moja haithibitishi kitu. Yote nimeyapima, na msimamo wangu uko palepale: katika muhula wa kwanza, semina ziwe za watu wasiozidi kumi na watano, wabishane kwanza kwa Kiswahili, ndipo waandike kwa Kiingereza kile walichokwisha kukielewa. Na azisimamie mhadhiri mwandamizi, asizisukumie kwa msaidizi aliyeajiriwa juzi.

Anayeona huo ni uchekechea aje tukae naye kwenye semina, kisha anionyeshe mtoto ni yupi.